Marekani: nyumba tupu ya koko anayelipiwa na serikali, na Wakongomani wanaotaka kuinunua

Nyumba ya namna hiyo inajulikana hata kabla ya kubisha hodi. Majani yamefika magotini, sanduku la barua limejaa makaratasi ya matangazo, pazia la dirisha la jikoni limefungwa mchana na usiku. Jirani akiulizwa anajibu kwa kifupi: mwenyewe ni mama mzee, alianguka, akapelekwa kwenye nyumba ya kutunza wazee, na tangu hapo hajarudi. Watoto wake wanakaa mbali. Hakuna kibao cha kuuza wala cha kupangisha.

Katika miji kama Dayton, Louisville, Des Moines au Boise, ambako familia nyingi kutoka Kivu na Tanganyika zimepelekwa kama wakimbizi, nyumba kama hizo zinawavutia watu. Familia imekaa miaka sita au saba ikilipa kodi ya nyumba kila mwezi, watoto wameongezeka, baba anafanya kazi ya usiku kwenye bohari, mama anafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Wanaona nyumba tupu karibu na kanisa, na swali linakuja lenyewe: kwa nini isinunuliwe?

Inaweza kununuliwa. Lakini mwenye nyumba akiwa anatunzwa kwa pesa za serikali, ununuzi huo una milango mitatu au minne ambayo mtu asiyeijua anaweza kupita mmoja na kugonga kichwa kwenye wa pili. Na anayeumia kwanza, mara nyingi, si mnunuzi. Ni yule mzee.

Kwa nini nyumba inabaki tupu

Mtu wa Uvira au wa Bukavu anayeiona nyumba nzuri ikioza hadharani anafikiri kwamba wenyewe ni matajiri au ni wajinga. Kawaida si hivyo hata kidogo.

Marekani ina mpango unaoitwa Medicaid, uliowekwa na sheria ya mwaka 1965 wakati wa Rais Lyndon Johnson. Ni matunzo ya afya kwa watu wenye kipato kidogo, na pesa zake zinatoka kwa serikali kuu na kwa kila jimbo. Usichanganywe na Medicare, ambao ni wa wazee wote na ambao haulipi makao ya muda mrefu. Katika nyumba ya wazee, Medicare inaishia siku 100 kwa ugonjwa mmoja, na hata hizo kwa masharti. Baada ya hapo mzee analipa mwenyewe, zaidi ya dola 9,000 kwa mwezi katika sehemu nyingi, mpaka akiba yake iishe. Ikiisha, ndipo Medicaid inaanza kulipa. Zaidi ya nusu ya wazee waliomo katika nyumba hizo kote nchini wanalipiwa kwa njia hiyo.

Ili apokelewe, mzee asiyekuwa na mume au mke anatakiwa, katika majimbo mengi, awe amebaki na mali isiyozidi dola 2,000. Nyumba yake haihesabiwi katika hizo, kwa muda, ikiwa anasema ana nia ya kurudi kwake na ikiwa thamani yake haipiti kiwango kilichowekwa. Basi anaruhusiwa kubaki na nyumba. Lakini pensheni yake yote inaenda kulipa nyumba ya wazee, isipokuwa kiasi kidogo cha mfukoni ambacho sheria ya serikali kuu inasema kisipungue dola 30 kwa mwezi. Majimbo mengine yanaongeza, lakini si kwa wingi.

Fanya hesabu. Nani atalipa kodi ya ardhi? Nani atalipa gazi ya kupasha nyumba joto mwezi wa Januari, wakati nje maji yanageuka jiwe? Dola 30 ni za sabuni, mafuta ya kujipaka na kusuka nywele. Akiipangisha nyumba, kodi inayopatikana inahesabiwa kuwa kipato chake na kwa sehemu kubwa inafuata njia ile ile ya pensheni. Watoto wake wakijitolea kulipa, vizuri. Wasipojitolea, mabomba yanapasuka wakati wa baridi, paa linavuja, wezi wanaingia kung'oa nyaya na mabomba ya shaba, na deni la kodi ya ardhi linakua bila kelele kwenye ofisi ya kaunti.

Ndiyo maana nyumba iko tupu, na ndiyo maana inaweza kupatikana kwa bei nafuu.

Mzee anapomwambia mfanyakazi: chukua nyumba yangu

Kuna jambo ambalo linawahusu Wakongomani kuliko wengine, na ambalo halisemwi vya kutosha. Wengi wao, hasa akina mama, ndio wanaofanya kazi ndani ya nyumba hizo za wazee. Wanawaogesha, wanawalisha, wanawageuza kitandani. Wanawaheshimu kwa namna ambayo wazee hao wengine hawajaizoea, kwa sababu kwetu mzee haachwi peke yake.

Tuseme mama mmoja aliyetoka Uvira anamtunza mwanamke wa miaka 84. Wanazoeana. Yeye anamwita koko, na kizungu chake kidogo kinatosha kwa vichekesho vya asubuhi. Siku moja koko anamwambia kwamba ana nyumba, imefungwa, watoto wake hawaitaki, kwa nini yeye asiichukue na wanawe watano kwa dola 40,000? Yule mama anarudi nyumbani akiwa analia kwa furaha. Mume wake anapiga simu Uvira usiku huo huo.

«Baba mkubwa, Mungu amesikia. Tumepata nyumba.»

«Asante Mungu, mtoto wangu. Lakini ndugu za huyo mzee wamekaa pamoja wakakubali?»

Swali la baba mkubwa ni swali zuri kuliko anavyojua mwenyewe. Huko Marekani hakuna baraza la ukoo linaloitwa kukaa chini, lakini kuna sheria inayouliza jambo lile lile kwa sura nyingine. Mtu anayemtunza mzee kwa kazi, akipata mali ya mzee huyo kwa bei ya chini, anaangaliwa kwa macho makali. Mahakama nyingi zinaanza na shaka kwamba mzee alisukumwa, na mtunzaji ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Nyumba nyingi za wazee zinakataza kabisa wafanyakazi wao kupokea zawadi au kufanya biashara na wanaowatunza. Kila jimbo lina ofisi inayopokea malalamiko ya wazee kudhulumiwa mali zao. Mfanyakazi akishtakiwa hapo anaweza kupoteza kazi, anaweza kupoteza cheti chake cha utunzaji, na kama hajapata uraia bado, kesi ya namna hiyo si kitu cha kuchezea.

Ni uchungu, kwa sababu huenda koko alisema kwa moyo wake wote. Lakini ushauri ulio salama kwa mama huyo ni kumshukuru, kutotia sahihi popote, na kumwambia msimamizi wake siku hiyo hiyo kwamba maneno hayo yalisemwa. Nyumba ikija kuuzwa baadaye, kwa bei ya soko, kupitia mwanasheria wa mzee ambaye si wake, na mwajiri akijua, hapo jambo linaweza kuzungumzwa. Kwa dola 40,000 za siri kando ya kitanda, hapana.

Bei ndogo inayomfukuza mzee kwenye matunzo

Hata mnunuzi asiyemjua mzee kabisa anafika kwenye swali la bei, na hapa wengi wanakosea kwa nia njema.

Sheria iliyotiwa sahihi mwanzoni mwa mwaka 2006 inairuhusu Medicaid kuangalia nyuma miezi 60 tangu mzee alipoomba msaada: je, aligawa au aliuza mali yoyote kwa bei iliyo chini ya thamani yake? Na mtu ambaye tayari analipiwa, akiuza nyumba yake kwa bei ya kutupa, naye anaingia katika kosa hilo hilo. Tofauti kati ya thamani ya kweli na bei iliyolipwa inahesabiwa kama zawadi. Wanaichukua, wanaigawa kwa gharama ya wastani ya mwezi mmoja katika nyumba ya wazee ya jimbo hilo, na jibu ni idadi ya miezi ambayo Medicaid haitalipa.

Nyumba ina thamani ya dola 150,000, imeuzwa dola 90,000. Pengo ni 60,000. Kama jimbo linahesabu dola 8,000 kwa mwezi, hiyo ni miezi saba na nusu. Katika miezi hiyo nani atalipa kitanda cha koko? Pesa za nyumba, ndiyo, zipo kwanza. Zikiisha kabla ya adhabu kwisha, inakuwa kesi kati ya watoto, nyumba ya wazee na jimbo, na mnunuzi anaweza kuitwa aeleze alivyoipata bei ile.

Haina maana kwamba nyumba mbovu ilipwe kama nzima. Thamani inayotakiwa ni ile ya nyumba ilivyo leo, na paa lake linalovuja na mabomba yake yaliyopasuka. Mthamini mwenye leseni, asiyekuwa ndugu wa upande wowote, anapita, anapiga picha, anaandika. Karatasi yake inagharimu mamia machache ya dola na inaweza kumlinda mnunuzi kwa miaka. Kama ameandika dola 92,000 na nyumba imelipwa 92,000, hakuna zawadi yoyote hapo.

Kuna na kishawishi kingine, na Wakongomani waliowahi kununua parseli Lubumbashi au Goma wanakifahamu: bei moja kwenye karatasi, nyingine mkononi. Mtoto wa mzee anaweza kuomba hivyo. Sababu yake inaeleweka. Nyumba ikishauzwa, pesa zake si nyumba tena, ni pesa, na zinahesabiwa. Mzee mwenye dola 90,000 benki amepita mbali sana zile 2,000. Medicaid inasimama, anaanza kulipa mwenyewe mpaka zibaki kidogo, kisha anaomba upya. Sehemu inaweza kutumika kulipa madeni yake ya kweli au kulipia mazishi yake mapema kwa mkataba usiovunjika, lakini kumgawia mtoto hairuhusiwi. Kwa hiyo mtoto anaona urithi wote unaliwa na nyumba ya wazee, na anamwambia mnunuzi: andika 60,000, nipe 30,000 kwa bahasha. Ni kosa la jinai kwa wote wawili. Anayekubali ananunua nyumba na kesi kwa pamoja.

Nani ana haki ya kutia sahihi

Kongo, mwenye nyumba anaonyesha certificat d'enregistrement aliyopewa na konservateri wa ofisi ya ardhi. Ikishapita miaka miwili, sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema haki hiyo haishambuliwi tena. Tunajua jinsi maisha yanavyoipita sheria hiyo, na vyeti viwili juu ya kiwanja kimoja si hadithi ya kutunga. Lakini wazo lenyewe ni wazi: karatasi ya serikali ndiyo haki.

Marekani, karibu kote, haiko hivyo, na hili linawashangaza wengi. Kaunti inaandikisha hati inazoletewa na kuziweka wazi kwa umma. Haithibitishi kwamba aliyetia sahihi alikuwa mwenye mali. Kazi ya kujua hilo ni ya mnunuzi. Anailipa kampuni ya hati ichimbue historia ya nyumba miaka mingi nyuma, na halafu ananunua bima kwa ajili ya kile ambacho uchimbaji haukuona. Bima hiyo inalipwa mara moja tu, siku ya kununua. Kwa nyumba ya mzee anayelipiwa na serikali, kuikwepa ili kuokoa pesa ni kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Kama mzee bado ana akili timamu, anatia sahihi mwenyewe, hata akiwa kitandani. Notere anamfuata huko. Kama amepoteza kumbukumbu, sahihi yake haina nguvu. Mtoto wake naye hana haki ya kuuza kwa sababu tu ni mtoto. Anahitaji prokirasio iliyotolewa wakati mzee alikuwa anaelewa, yenye maneno yanayoruhusu kuuza nyumba. Ikikosekana, inabidi mahakama imweke mlezi, na mlezi huyo kwa kawaida anaomba idhini ya hakimu kabla ya kuuza. Hiyo ni miezi. Na wakati mwingine uchimbaji unaonyesha kwamba mzee aliwaandikisha watoto zamani na kujibakizia haki ya kukaa humo mpaka afe. Hapo wote wanatakiwa kutia sahihi, hata yule wa California ambaye hajapiga simu kwa miaka minane.

Prokirasio inakufa pamoja na aliyeitoa. Mzee akifariki Jumanne na kikao cha kuhamisha nyumba ni Ijumaa, mtoto aliyekuwa anatia sahihi kwa niaba yake hana tena mamlaka hayo. Mkataba uliokwisha kusainiwa kwa kawaida unaufunga urithi wake, lakini lazima mahakama ya mirathi imteue msimamizi, na mnunuzi anangoja huku benki yake ikimuuliza kila wiki.

Deni la serikali juu ya kuta

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba Medicaid, kwa wazee, inafanana kidogo na mkopo. Tangu sheria ya mwaka 1993, kila jimbo linatakiwa kudai katika mirathi ya mtu aliyetunzwa akiwa na miaka 55 au zaidi pesa zilizotumika kwa makao yake ya muda mrefu. Si majimbo yote yaliyofurahi. West Virginia ilikwenda mahakamani kuipinga serikali kuu na ikashindwa mwaka 2002. Michigan ilijikokota mpaka 2007. Kwa kuwa mzee amebakiwa na nyumba tu, nyumba ndiyo inayodaiwa.

Zaidi ya hapo, tangu 1982 jimbo linaruhusiwa kuandikisha dai juu ya nyumba hata mzee akiwa hai, kama imeamuliwa kwamba hatarajiwi kurudi kwake. Ni kama ipoteke. Haliandikishwi ikiwa mumo anaishi mume au mke wake, mtoto wa chini ya miaka 21, mtoto kipofu au mlemavu wa umri wowote, au ndugu mwenye sehemu ya nyumba aliyeishi humo mwaka mzima kabla mzee hajaondoka. Nyumba iliyo tupu, kwa maana yenyewe, haina yeyote kati ya hao.

Dai hilo halimzuii mtu kununua. Kampuni ya hati inaliandikia jimbo, jimbo linajibu kwa barua yenye kiasi kamili, siku ya kikao pesa zinakatwa kwenye bei kabla muuzaji hajapata chochote, na jimbo linaandikisha kwamba dai limekwisha. Kodi ya ardhi iliyolala inalipwa namna hiyo hiyo, na kwa kawaida ndiyo inayotangulia mbele ya madeni mengine. Hatari iko kwa anayekwepa njia hiyo: anayelipa taslimu mezani, kwa msaada wa komisioneri wa mtaani, akapewa hati ya kujitoa, ambayo muuzaji anasema tu «haki yoyote niliyo nayo nakupa». Kama hana haki, hajatoa kitu. Kama nyumba ina dai la dola 120,000, dai linabaki ukutani, na mnunuzi atakutana nalo siku atakapotaka kuuza au kukopa.

Pesa za likelemba na bomba lililopasuka

Yamebaki ya benki, na haya ni mafupi. Mkopo unaodhaminiwa na serikali kuu, ule wa FHA ambao wengi wanauanza kwa kuweka asilimia 3.5, unataka nyumba inayokalika: maji yatoke, umeme uwake, joto lifanye kazi. Nyumba iliyokaa tupu misimu miwili ya baridi mara nyingi inashindwa hapo. Upo mkopo mwingine wa FHA unaochanganya bei na pesa za matengenezo, lakini una makaratasi mengi na si kila benki inaushughulikia.

Benki itauliza pia pesa za kuanzia zimetoka wapi. Familia iliyopokea zamu yake ya likelemba, dola 8,000 taslimu, na kuzipeleka benki wiki moja kabla ya kuomba mkopo, itaulizwa karatasi ambazo likelemba haina. Ni bora pesa hizo ziwekwe benki miezi kadhaa mapema. Zawadi ya ndugu inakubalika, ikiwa na barua inayosema si deni na ushahidi wa zilikotoka.

Na bima ya nyumba: mikataba mingi inapunguza ulinzi nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60. Anayenunua leo na kuhamia baada ya miezi minne ya ukarabati lazima aulize bima ya nyumba tupu kabla hajapewa ufunguo, la sivyo bomba la kwanza kupasuka ni lake mwenyewe.

Halafu kuna vitu vilivyomo. Nyumba ya namna hii haihamwi. Mtu alitoka akiwa kwenye machela akidhani anarudi wiki ijayo. Miwani iko mezani, nguo za Jumapili kabatini, picha za harusi ndani ya sanduku la viatu. Mikataba mingi ya nyumba kama hizo inasema kwamba kinachobaki ndani baada ya kikao ni cha mnunuzi. Mnunuzi anaweza kuomba kiandikwe kifungu kingine, kwamba watoto wa mzee wapewe siku mbili za kuingia kabla ya kutia sahihi, na kwamba picha na makaratasi ya familia yasitupwe. Kifungu hicho hakilipiwi chochote. Katika chumba cha koko, kwenye nyumba ya wazee, kuna kabati moja dogo kando ya kitanda, na sanduku la viatu linaingia.